Mwendo wa Joto na Lundo la Karafuu

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita, tulipokuwa tukizungumza juu ya karafuu zilizoshushwa daraja, mzee mmoja katika wanachama wetu alisimama akasema kwamba lundo lake la karafuu mbichi lilifuka moshi alfajiri, na hali hapakuwa na moto wala kaa karibu yake. Watu wakacheka. Mmoja akamwambia, "Mzee, ulikuwa hujaamka sawasawa." Mzee akakaa kimya, mkutano ukaendelea. Nami katibu wenu, ambaye kazi yangu ni kuandika kila lisemwalo, sikuliandika neno lile katika kumbukumbu, kwa kuwa nililiona la mzaha.

Leo naliandika hapa, maana mzee alisema kweli. Na kicheko chetu kilitugharimu. Wiki mbili baadaye mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na baadhi ya waliocheka wakalundika karafuu zao mbichi vile vile alivyolundika yeye. Walipozifunua, nyingi zilikuwa zimenyauka na kugeuka rangi ya majivu. Kama siku ile tungaliuliza badala ya kucheka, huenda mali hiyo ingaliokoka.

NILIYOYAONA SENGEREMA

Jambo hili nililifahamu nilipokuwa safarini Sengerema, ng'ambo ya Mwanza, katika ufuko wa Ziwa Viktoria. Huko hakuna karafuu. Mali yao ni dagaa. Wavuvi hutoka katika giza la mwezi na taa zao. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri au za nguvu ya jua. Asubuhi dagaa huletwa nchi kavu wakaanikwa wabichi, juu ya mchanga, au juu ya nyavu kuukuu, au juu ya vichanja. Sisi watu wa pwani huwachemsha kwanza kwa maji ya chumvi. Wao huwaachia jua peke yake.

Siku moja mvua iliwakuta dagaa wangali wabichi. Wakakusanywa mbio wakafunikwa turubai. Kesho yake asubuhi mama mmoja alipofunua fungu lake, mvuke ukatoka kama wa chungu cha wali. Akaniambia, "Tia mkono, kaka." Nikautia, nikautoa upesi. "Ukiwalundika wabichi wanajipika wenyewe," akasema. "Hawa si wa kula tena. Ni chakula cha kuku."

Hapo nikamkumbuka mzee wetu na lundo lake. Niliporudi nikaona yafaa nieleze, kadiri nilivyosoma na kuuliza, jinsi joto linavyotoka katika kitu kimoja kwenda kingine, kwa sababu kazi yetu yote ya uanikaji, tangu karafuu inapochambuliwa mpaka inapotiwa guniani, ni kazi ya kuliongoza joto.

JOTO HUELEKEA WAPI

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Vitu viwili vikikutana, kimoja cha moto zaidi na kingine cha baridi zaidi, joto hutoka katika kile cha moto likaingia katika kile cha baridi, nalo haliachi kwenda mpaka vyote viwili viwe sawa. Kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani hutoa joto lake likaenda katika hewa na meza, mpaka chai ikawa sawa na chumba. Haijapata kuonekana chai iliyosahauliwa ikazidi kuwa moto. Mwaka 1850 mtaalamu wa Kijerumani, Rudolf Clausius, aliliweka jambo hili kuwa kanuni: joto haliendi lenyewe kutoka kwenye baridi kwenda kwenye moto.

Mtu atasema, "Mbona jokofu hufanya hivyo?" Jokofu halifanyi lenyewe, hulazimishwa na umeme. Joto la maji yaliyomo ndani hunyonywa likatupwa nje. Pitisha mkono nyuma ya jokofu utalihisi likitoka.

Kwa hiyo hakuna kitu kiitwacho baridi kinachoingia mwilini. Tunapohisi baridi, joto letu ndilo linalotoka. Chukua jembe lililolala bandani usiku kucha. Ushike mpini, kisha ushike chuma. Chuma kitaonekana cha baridi zaidi, lakini vyote vimelala katika hewa moja na vina kiasi kimoja cha umoto. Tofauti ni kwamba chuma huliondoa joto la kiganja upesi na kulipitisha mbele, na mti huliondoa polepole.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba ukali wa joto si sawa na wingi wa joto. Cheche ya moto ni kali kuliko sufuria ya maji ya uvuguvugu, lakini cheche ikikuangukia mkononi haina joto la kutosha kukuletea madhara makubwa. Sufuria ile ina joto jingi zaidi, ingawa si kali.

Na jambo la tatu: kadiri tofauti ya umoto baina ya vitu viwili inavyokuwa kubwa, ndivyo joto linavyokwenda kwa haraka. Hili Isaac Newton alilieleza mwaka 1701. Ndiyo maana chai hupoa upesi mwanzoni, kisha hukawia ikikaribia kuwa sawa na chumba.

NJIA TATU ZA JOTO

Joto lina njia tatu za kusafiri, na mwenye shamba anazo zote tatu mbele yake kila siku.

Njia ya kwanza ni kugusana. Kijiko kikitiwa katika uji wa moto, mkia wake hupata moto pia, ingawa haukuguswa na uji. Vyuma hupitisha joto vizuri. Mti, nguo, makuti na magunia hupitisha vibaya. Hewa iliyonaswa mahali isipoweza kutembea hupitisha vibaya kuliko vyote hivyo. Blanketi haina moto wake. Kazi yake ni kunasa hewa, na hewa hiyo huzuia joto la mwili lisitoroke.

Njia ya pili ni kuchukuliwa. Hewa au maji yakipata moto huwa mepesi, yakapanda, na ya baridi yakashuka kushika mahali pake. Hewa iliyopanda huondoka na joto lake.

Njia ya tatu ni miali. Joto la jua hutufikia kwa njia hii, likipita mahali pasipo na hewa wala kitu chochote. Nasi vile vile, na kila kitu kilicho duniani, twatoa miali yetu, ingawa haionekani kwa macho. Usiku wa mbingu nyeupe usio na mawingu, bati la nyumba hutupa joto lake juu kwa miali, likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndipo unyevu wa hewa unapoligusa ukageuka matone. Umande wa asubuhi hupatikana hivyo. Usiku wa mawingu umande huwa haba, kwa kuwa mawingu hurudisha sehemu ya joto chini.

ZIWA NA MCHANGA

Anayetaka kuona njia hizi zikifanya kazi pamoja na asimame ufukoni Sengerema saa saba mchana. Mchanga huchoma nyayo, na hatua tano mbele maji ni mazuri ya kuoga. Jua ni moja, sababu ni nini? Kilo moja ya mchanga mkavu huhitaji kiasi cha sehemu moja ya tano tu ya joto linalohitajiwa na kilo moja ya maji ili vyote viongezeke umoto sawasawa. Tena katika mchanga joto hukaa juu juu, na katika maji huzama na kuchanganywa na mawimbi. Hivyo mchanga hupata moto upesi na kupoa upesi. Ziwa hukawia kupata na hukawia kutoa.

Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na zaidi, nalo liko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana nchi kavu huwa moto kuliko ziwa. Hewa ya nchi kavu hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kushika nafasi yake. Upepo huo ndio ukaushao dagaa. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto lake, na upepo huvuma kutoka pande zote za nchi kwenda ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji ya vuguvugu, hupanda na unyevu mwingi, zikafanya mawingu ya radi. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwa lile huwa za usiku na alfajiri, saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako majini, nazo zimekwisha chukua roho za wengi.

Sisi tunao mfano huo huo mlangoni petu. Upepo wa bahari hutujia mchana, na alfajiri hutoka ule upepo wa nchi kavu ambao manahodha wetu huuita umande, wakatweka tanga nao kutoka bandarini.

KUKAUKA NI KULA JOTO

Sasa turudi kwenye karafuu. Wengi hudhani kwamba jua huikausha karafuu kwa kuichoma. La. Jua hutoa joto, joto hilo hugeuza maji yaliyomo ndani ya karafuu kuwa mvuke, na hewa huuchukua mvuke huo ikaenda nao. Pasipo joto maji hayageuki upesi. Pasipo hewa yenye mwendo mvuke hauondoki. Vyote viwili vyatakiwa.

Na maji yakigeuka mvuke hula joto jingi mno. Mtungi wetu wa udongo hupoza maji kwa sababu hiyo: maji kidogo hupenya udongo, hugeuka mvuke kwa nje, na joto la kazi hiyo hutolewa katika maji yaliyobaki ndani. Joseph Black, mwalimu wa Glasgow, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1760. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka yote yawe mvuke hutaka joto mara 5 na zaidi ya lile la kuyatoa katika ubaridi wa barafu iliyoyeyuka mpaka yachemke.

Tupige hesabu. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kiasi cha kilo 1 ya karafuu kavu. Yaani kilo 2 za maji hapana budi ziondoke. Joto linalohitajiwa kwa kazi hiyo lingetosha kuchemsha kiasi cha lita 15 za maji ya kisima. Hilo ni kwa kilo moja tu ya karafuu kavu. Kila mmoja na azidishe kwa kilo zake aone deni analolidai jua. Ndiyo sababu uanikaji huchukua siku nne au tano hata jua likiwa zuri, na ndiyo sababu karafuu zilizotandazwa nyembamba hukauka vizuri kuliko zilizorundikana: nyembamba hupokea miali ya jua kwa eneo kubwa, na upepo hupita juu ya kila moja.

KWA NINI LUNDO HUFUKA

Karafuu iliyochumwa haijafa mara ile ile. Chipukizi hilo huendelea kuvuta hewa na kutumia sukari yake polepole, kama mwili wetu utumiavyo chakula, na kazi hiyo huzaa joto na unyevu. Zaidi ya hayo, vijidudu visivyoonekana kwa macho na ukungu hupata makao mazuri penye unyevu, navyo vikila huzaa joto lao. Kila karafuu hutoa joto dogo sana. Ikiwa imetandazwa, joto hilo hutoka mara moja katika hewa, wala hakuna ajuaye kuwa lilikuwapo.

Katika lundo mambo ni mengine. Joto la katikati halina njia. Kwa kugusana haliwezi kwenda upesi, maana baina ya karafuu na karafuu kuna hewa iliyonaswa, kama ile ya blanketi. Kwa kuchukuliwa haliwezi, kwa sababu upepo haufiki ndani. Kwa miali haliwezi, kwa sababu kila karafuu imezungukwa na nyingine zenye umoto ule ule. Basi joto huzaliwa na halitoki, na umoto huzidi. Na kadiri unavyozidi ndivyo vijidudu vinavyofanya kazi kwa bidii, mpaka joto lenyewe linapovizidi.

Ukubwa wa lundo nao una hesabu yake. Ukiongeza urefu, upana na kimo cha lundo mara 2, karafuu zilizomo huwa mara 8, lakini ngozi ya nje ya lundo, ambayo ndiyo mlango wa joto, huwa mara 4 tu. Kila karafuu imepunguziwa nusu ya mlango wake. Kwa hiyo malundo mawili madogo yana salama kuliko moja kubwa.

Na ule moshi wa mzee? Ulikuwa mvuke. Alfajiri ndiyo saa ya baridi. Hewa ya moto na yenye unyevu ilitoka ndani ya lundo, ikakutana na hewa baridi, joto likatoka katika ile likaingia katika hii, na unyevu ukageuka matone madogo sana yanayoonekana meupe kama moshi. Ni kama pumzi zetu zionekanavyo katika baridi ya milimani. Lundo lilikuwa likimpigia kelele mwenyewe, naye akasikia. Sisi ndio tuliojitia uziwi.

MWANAFUNZI ALIYECHEKWA

Kuna kisa kimoja cha nchi yetu kinachofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 1963 mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akisoma katika shule ya Magamba, Lushoto. Jina lake lisiwadanganye. Shule yake ilikuwa bara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa pamoja na sukari, huyaacha yapoe, ndipo huyatia katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa haba, na mwenzake akatia maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, asije akakosa nafasi, akatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado mazito tu.

Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kuwa amekosea, jambo hilo haliwezi kuwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne, mgeni aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi akaagiza jambo lile lijaribiwe, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakatangaza habari zake kwa pamoja katika gazeti la elimu ya fizikia. Tangu hapo jina la Mpemba limejulikana dunia nzima.

Lakini nisiwafiche neno: mpaka leo wataalamu hawajaafikiana. Wengine wamepima na kuona, na wengine, kama waliopima Uingereza na kutangaza mwaka 2016, hawakuona. Wala habari hiyo haiivunji kanuni tuliyoitaja. Joto la maziwa lilitoka likaenda kwenye baridi kama desturi. Ubishi ni juu ya haraka yake, na kwamba mvuke na mambo mengine yana sehemu gani. Faida yetu katika kisa hiki ni kwamba aliyeona kwa macho yake hastahili kuchekwa kabla jambo halijapimwa.

YATUPASAYO KUFANYA

1. Chambua karafuu siku ile ile ya kuchuma. Usizilaze mbichi ndani ya pakacha au gunia. Ikiwa usiku umekuingilia, zitandaze chini ya paa, kimo cha vidole viwili hivi.

2. Mvua ikidumu, usizilundike chini ya turubai. Zitandaze ukumbini au barazani penye upepo, uzigeuze mara kwa mara. Upepo bila jua hukausha polepole, lakini huondoa joto na unyevu.

3. Asubuhi usiwe na pupa. Ngoja sakafu ipate jua na umande uondoke, ndipo uanike. Sakafu baridi yenye majimaji hukupunguzia joto badala ya kukuongezea.

4. Likiwapo lundo lisiloepukika, chomeka nondo ya chuma mpaka katikati, uiache kwa muda, kisha uitoe uishike. Chuma hupitisha joto, nacho kitakwambia yaliyomo ndani. Kikiwa cha moto kuliko kiganja chako, livunje lundo saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

5. Karafuu zilizokauka juani zisitiwe guniani zingali moto. Ziache kivulini zipoe. Zikifungwa na joto lao, unyevu uliobaki hutoka katika zile za moto ukageuka matone penye ubaridi wa gunia, na ukungu huanzia hapo.

6. Magunia yasiwekwe juu ya sakafu tupu wala yasiegemee ukuta. Yainue juu ya mbao ili hewa ipite chini.

7. Karafuu iliyokauka sawasawa hukatika kwa mlio ukiivunja kwa vidole. Ikipinda bila kukatika, bado ina maji, na penye maji lundo linaweza kuanza tena kazi yake.

Ndugu zangu, haya hayataki fedha wala mashine. Yataka jamvi, upepo, nondo moja na mtu wa kuamka usiku. Tofauti ya bei baina ya karafuu safi na ile iliyochacha kila mwanachama anaijua, wala sina haja ya kuieleza.

Mwisho, katika mkutano ujao, Inshallah, nitaomba kumbukumbu za mkutano uliopita zisahihishwe, neno la mzee wetu liandikwe mahali pake kama alivyolisema. Kwake binafsi nimekwisha kwenda kuomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akaniuliza swali jingine: kwa nini karafuu zake za juu ya bati hukauka upesi mchana na kulowa upesi alfajiri kuliko za sakafuni. Mwanachama aliyeisoma habari hii mpaka hapa anaweza kumjibu mwenyewe.

Wassalaam,
Katibu wa Chama